Bwana Shamba wa Nani? Chuo Kikuu cha California na Vibarua wa Mashamba

Katika maandishi yanayohusu huduma za ugani, mfano wa Marekani husifiwa sana. Sheria ya Morrill ya mwaka 1862 ilitoa ardhi ya umma ili kila jimbo liwe na chuo cha kilimo na ufundi. Sheria ya Hatch ya 1887 ikaongeza fedha za vituo vya utafiti, na ile ya Smith-Lever ya 1914 ikawatoa wataalamu madarasani na kuwapeleka vijijini. Kufundisha, kutafiti na kuwafikishia wananchi matokeo vikawa kazi ya taasisi moja, kwa fedha ya mlipa kodi. Mpango huo ulizaa matunda mengi na hakuna haja ya kuubeza. Lakini anayetazama historia yake katika jimbo la California, ambako kilimo kimesimama juu ya mabega ya wahamiaji tangu karne ya 19, atakuta kundi moja lililosahauliwa kwa muda mrefu: watu waliokuwa shambani kila siku bila kumiliki hata robo ya shamba. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 chuo kikuu cha umma kilimwona kibarua mhamiaji kama gharama iliyopaswa kupunguzwa. Baadaye kilianza kumwona kama mtu ambaye afya yake inastahili kuchunguzwa. Mabadiliko hayo hayakuletwa na huruma ya maprofesa wala na ukuaji wa kawaida wa sayansi. Yaliletwa na vibarua wenyewe, vyama vyao na mawakili wao, waliokilazimisha chuo kusikia swali ambalo hakikuwa kimeulizwa.

Chanzo cha tatizo kilikuwa kwenye muundo. Bwana shamba wa kwanza wa California alipelekwa kaunti ya Humboldt mwaka 1913, na chuo kikuu kiliweka sharti: kaunti inayotaka mtaalamu iunde kwanza ofisi ya wakulima, yaani umoja wa wenye mashamba, ili umpokee na umwongoze. Sharti hilo lilikuwa na busara yake, kwa kuwa mtaalamu asiye na wenyeji wa kumsikiliza hula mshahara wa bure. Hata hivyo maana yake ni kwamba mtaalamu wa umma aliingia kijijini kwa mwaliko wa mwenye ardhi, akakaa vikao na mwenye ardhi, na maswali aliyorudi nayo maabara yalikuwa ya mwenye ardhi: mdudu gani anakula mizabibu, mbegu ipi inavumilia chumvi, mavuno yatavunwaje kwa gharama ndogo. Umoja huo wa wakulima baadaye ukawa sauti nzito ya kisiasa katika jimbo. Mchina, Mjapani, Mpunjabi, Mfilipino na Mmexico, waliopokezana jembe kwa zamu za kihistoria, hawakuwa na ofisi ya namna hiyo. Sheria za taifa nazo ziliwaacha nje. Sheria ya 1935 iliyolinda haki ya kuunda vyama vya wafanyakazi haikuwahusu vibarua wa mashamba, na ile ya 1938 ya kima cha chini cha mshahara ikawaruka pia.

Kulikuwa na wasomi waliotazama upande wa pili, na yaliyowapata yanafundisha zaidi kuliko kuwepo kwao. Paul Taylor, mchumi wa kampasi ya chuo hicho ya Berkeley, alianza kuchunguza kazi ya Wamexico mwishoni mwa miaka ya 1920, akijifunza Kihispania na kuwahoji watu mashambani wakati wenzake wengi waliona kazi hiyo haina hadhi ya kitaaluma. Mwaka 1935 alifuatana na mpiga picha Dorothea Lange, na ripoti zao zenye picha za familia zilizolala kwenye mahema ya magunia zilisaidia kupatikana kwa fedha za kambi za kwanza za serikali, Marysville na Arvin. Walter Goldschmidt, mwanaanthropolojia aliyesomea Berkeley, alipata mapokezi magumu zaidi. Mwaka 1944, akiifanyia kazi Wizara ya Kilimo, alilinganisha miji miwili ya Bonde la San Joaquin ambayo thamani ya mazao yake ilikaribiana. Arvin ulizungukwa na mashamba makubwa, Dinuba na mashamba madogo. Dinuba ulikuwa na biashara 62, Arvin 35. Dinuba ulikuwa na shule zaidi, bustani za umma na vyama vya kiraia. Arvin ulikuwa na vibarua wengi wasio na kauli juu ya mji wanaoishi. Wenye mashamba makubwa walipiga kelele, awamu ya pili ya utafiti ikafutwa, na ripoti ilichapishwa mwaka 1946 kupitia kamati ya Seneti baada ya wizara kukwepa kuitoa. Funzo liko wazi: utafiti wa namna hii ungeweza kufanyika, ila haukuwa na mwenyewe wa kuutetea.

Wakati huohuo serikali za Marekani na Mexico zilikuwa zimeanza mpango uliojulikana kwa jina la Bracero, makubaliano ya Agosti 1942 yaliyoruhusu wanaume wa Mexico kuingia kwa mikataba ya muda. Msomaji anayeijua historia ya manamba wa mkonge wa Tanga atayatambua mazingira hayo upesi: mtu analetwa kutoka mbali kwa mkataba, anakaa kambini, anakatwa chakula kwenye ujira, na msimu ukiisha anarudishwa kwao. Hadi mpango ulipofungwa mwishoni mwa 1964, mikataba iliyotiwa saini ilifikia takriban milioni 4.6. Mchunguzi aliyeyaanika mateso ya kambi hizo kwa ukamilifu, Ernesto Galarza, alikuwa na shahada ya uzamivu kutoka Columbia, lakini kazi hiyo aliifanya akiwa mtu wa chama cha wafanyakazi. Mabwana shamba wa chuo kikuu walikuwa kaunti kwa kaunti, karibu kabisa na kambi hizo. Aliyeuandika ukweli wake alitoka nje ya mfumo wao.

Kisa cha nyanya ndicho kinachoonyesha kwa uwazi zaidi chuo kilikuwa kinamtumikia nani. Tangu miaka ya 1940 mtaalamu wa mbegu wa kampasi ya chuo hicho ya Davis, Jack Hanna, alikuwa akitafuta nyanya inayoweza kuvunwa na mashine, huku wengi wakimcheka. Nyanya ya kawaida huiva kwa zamu, hupasuka kirahisi na hung'ang'ania kikonyo. Hanna alihitaji nyanya inayoiva shamba zima kwa pamoja, yenye ganda la kustahimili kishindo, na inayoachia shina ikitikiswa. Mhandisi Coby Lorenzen wa chuo hichohicho alibuni mashine ya kuifaa: kisu kinachokata mmea chini ya usawa wa udongo, mkanda unaoupandisha juu, kitikisio kinachoangusha matunda, na pembeni jukwaa ambalo watu, wengi wao wanawake, walisimama wakichambua mabichi, mabovu na madongo ya udongo huku mashine ikienda polepole kati ya matuta na vumbi likiwapanda usoni. Kiwanda cha Blackwelder kikaiunda kwa ajili ya soko. Mwaka 1964, mwaka wa mwisho wa Bracero, chini ya asilimia 5 ya nyanya za kusindika za California zilivunwa kwa mashine. Kufikia 1968 ilikuwa takriban asilimia 95. Katikati ya miaka ya 1970 vikaja vichambuzi vya kielektroniki vinavyotofautisha tunda bichi na bivu kwa mwanga, na wengi wa wale wanawake wa jukwaani nao wakashushwa. Wakulima wa nyanya hizo, waliokuwa kama 4,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, walibaki kama 600 baada ya muongo mmoja, kwa sababu mashine ilikuwa ghali na ilimfaa mwenye eneo kubwa.

Hapo mtetezi wa chuo ana hoja nzito, na haifai kuipita juu juu. Bracero ilikuwa inakufa, na ilistahili kufa. Wenye viwanda walikuwa wakitishia kuhamishia kilimo cha nyanya Mexico. Bila mashine, atasema, kazi zote zingeondoka, za shambani na za kiwandani, na leo California isingekuwa inazalisha zaidi ya asilimia 90 ya nyanya za kusindika za Marekani. Isitoshe, kuvuna nyanya kwa mkono ni kazi ya kukunja mgongo kutwa nzima; nani anaililia? Hoja hiyo ni kweli kwa sehemu kubwa. Hakuna sababu ya kuitukuza kazi inayovunja mwili ati kwa kuwa ni ajira. Lakini mwaka 1970 wachumi wawili wa Berkeley, Andrew Schmitz na David Seckler, waliipiga hesabu. Walikuta kwamba faida ya mashine kwa jamii ilizidi mara nyingi gharama ya utafiti wake. Kisha wakauliza: je, waliopoteza kazi wangelipwa fidia, faida hiyo ingebaki kiasi gani? Jibu lilitegemea ukubwa wa fidia. Kisichotegemea chochote ni kwamba hakuna aliyelipwa. Chuo kilichotumia fedha ya umma kwa miaka kumi na kitu kubuni mbegu na mashine hakikutenga chochote cha kulinganika na hicho kuwafundisha waliong'olewa kazi nyingine, wala hakikujipa jukumu la kuhesabu walikwenda wapi. Mashine haikuwa dhambi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kazi ya chuo ilikwisha pale mwenye shamba alipoacha kulalamika.

Ufa ulianzia nje ya chuo. Tarehe 8 Septemba 1965 wavunaji zabibu wa Kifilipino wakiongozwa na Larry Itliong waligoma Delano, na siku chache baadaye chama cha Cesar Chavez na Dolores Huerta kikajiunga nao. Mgomo na kampeni ya kususia zabibu vilidumu miaka 5. Katika mikataba iliyopatikana mwaka 1970 mna kipengele ambacho wanahistoria wa sayansi wangepaswa kukitaja zaidi: vibarua, wengi wao wasiomaliza shule ya msingi, walipiga marufuku kiuatilifu cha DDT katika mashamba waliyofanya kazi, miaka 2 kabla ya serikali kuu kufanya hivyo. Kisha likaja suala la jembe la mpini mfupi. Katika mashamba ya letisi na viazisukari, kupunguza miche na kupalilia kulifanywa kwa jembe ambalo mpini wake haukufika hata urefu wa mkono, kwa hiyo kibarua alitembea mstari mzima ameinama. Wenye mashamba walisema mpini mrefu unaharibu mche. Vibarua walisema sababu ilikuwa nyingine: mnyapara akiwa mbali aliweza kujua kwa kutupa jicho tu nani anapumzika, kwa kuwa aliyesimama wima alikuwa hafanyi kazi. Mawakili wa msaada wa kisheria vijijini walipeleka madaktari wakaeleza jinsi pingili za uti wa mgongo zinavyolika kabla ya wakati. Bodi ya usalama kazini ilikataa kulipiga marufuku. Mahakama Kuu ya jimbo ikaitengua hoja ya bodi mwaka 1975, na jembe likaondolewa mwaka huohuo. Letisi iliendelea kumea, kwa mpini mrefu.

Mawakili haohao wakageukia chuo. Mwaka 1979, kwa niaba ya vibarua 19 na kikundi cha kutetea wakulima wadogo, walikishtaki Chuo Kikuu cha California wakidai kwamba kinatumia fedha ya umma kuwanufaisha wachache wenye nguvu, kinyume cha madhumuni ya Sheria ya Hatch. Mwishoni mwa mwaka huo Waziri wa Kilimo, Bob Bergland, alitamka hadharani kwamba haoni sababu ya fedha za serikali kuu kugharimia mashine za kuondoa vibarua. Kesi ilikokotwa kwa miaka. Mwaka 1987 hakimu aliagiza chuo kiweke utaratibu wa kupima utafiti wake unawagusa vipi wakulima wadogo na watu wa vijijini. Mwaka 1989 mahakama ya rufaa ikaifuta amri hiyo. Kwa kuhesabu alama, chuo kilishinda.

Wapo wanaouona ushindi huo kuwa ushindi wa uhuru wa kitaaluma, na wana haki ya kuogopa. Mahakama inayomwelekeza mtafiti achunguze nini leo inaweza kesho kumkataza kuchunguza jambo ambalo wenye nguvu hawalitaki. Yaliyompata Goldschmidt yalikuwa ya namna hiyohiyo, kwa mkono wa wizara badala ya hakimu. Nakubali hofu hiyo. Nisichokubali ni picha ya mtafiti huru anayedaiwa kuvamiwa na siasa. Hanna alichagua mradi wake kwa hiari, ni kweli, lakini aliuchagua ndani ya taasisi ambayo tangu 1913 ilikuwa imejenga mlango mmoja wa kupokea maswali na kuukabidhi kwa upande mmoja. Kwa hiyo kesi ile haikuleta siasa mahali ambapo haikuwepo. Iliomba mlango wa pili. Na ingawa mahakama ilikataa kuuamuru, chuo kilianza kuufungua chenyewe: mwaka ule kesi ilipofunguliwa Davis walianzisha kituo cha mashamba madogo, na mwaka 1990 kikafuata kituo cha afya na usalama wa kilimo kwa majimbo ya magharibi.

Tunda lililokomaa zaidi la mlango huo wa pili liko Bonde la Salinas, palepale lilipokuwa likitumika jembe fupi. Kati ya 1999 na 2000 watafiti wa Berkeley wakiongozwa na Brenda Eskenazi waliandikisha wajawazito 601 katika mradi uitwao CHAMACOS, neno ambalo kwa Kihispania cha Mexico ni watoto. Wengi wa akina mama hao walikuwa wazaliwa wa Mexico, na nyumbani kwao kwa kawaida alikuwepo angalau mtu mmoja wa shambani. Walipimwa mkojo kutafuta mabaki ya viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti, kisha watoto wao wakafuatiliwa mwaka baada ya mwaka. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kwamba watoto wa mama waliokuwa na mabaki mengi zaidi walikuwa nyuma kwa wastani wa alama 7 katika kipimo cha akili walipofika umri wa miaka 7, wakilinganishwa na wa mama waliokuwa na machache zaidi. Mradi ulitumia wafanyakazi wa jamii wazungumzao Kihispania, ukashirikiana na hospitali na zahanati za bondeni, na matokeo yakapelekwa kwa familia zilizotoa mkojo na damu. Katika jaribio moja na wavunaji wa stroberi waliangalia mambo madogo kabisa: glavu, kunawa mikono kabla ya kula, vazi la juu linalovuliwa na kuachwa shambani. Mabaki ya malathioni, kiuatilifu cha jamii hiyohiyo, mkojoni yalikuwa machache kwa waliovaa glavu, na vazi lile lilikuwa na sumu ambayo vinginevyo ingefika nyumbani na kukumbatiwa na mtoto mlangoni.

Lawama iliyofuata ilitabirika: utafiti unaofanywa bega kwa bega na jamii inayodhurika hauwezi kuwa wa haki, kwa kuwa majibu yanajulikana kabla ya swali. Lawama hiyo ina majibu mawili. La kwanza ni la ushahidi. Siku ileile ya 2011 zilichapishwa tafiti nyingine mbili za New York, moja ya Columbia na nyingine ya Mount Sinai, zilizofanywa kwa akina mama wa mjini ambao hawakuwa vibarua wa shamba lolote, nazo zikaelekea upande uleule. La pili ni la historia. Utafiti wa nyanya ulifanyika bega kwa bega na wenye mashamba na viwanda vya kusindika, na hakuna aliyesema kwamba ukaribu huo uliharibu uzito wa tunda kwenye mizani. Ukaribu na mwenye swali ndiyo njia ya kawaida ya sayansi ya kilimo. Ulianza kuitwa upendeleo siku mwenye swali alipokuwa kibarua.

Kuna pingamizi jingine ambalo sina nguvu ya kulipinga kabisa: kwamba yote haya huenda polepole mno. Wajawazito waliandikishwa 1999. California ilisimamisha uuzaji wa klopirifosi, kimojawapo cha viuatilifu vya oganofosfeti, Februari 2020, na matumizi yake yakakoma karibu yote mwishoni mwa mwaka huo. Mtoto aliyekuwa tumboni utafiti ulipoanza alikuwa mtu mzima. Chama chenye nguvu kingeweza kuiondoa sumu hiyo kwa mkataba ndani ya msimu mmoja, kama ilivyokuwa kwa DDT, lakini vyama vya mashambani vimedhoofika sana tangu miaka ya 1980, na utafiti umejikuta ukibeba mzigo ambao zamani ulibebwa na mgomo. Mzigo huo haukai vizuri begani mwake. Chuo kinaweza kupima na kuonya. Hakiwezi kukaa mezani na mwajiri. Na hata kupima kwenyewe kuna wanaokosekana. Vibarua wengi wa sasa wanatoka majimbo ya Mexico ya Oaxaca na Guerrero, na lugha yao ya kwanza ni Kimixteco, Kitriqui au Kizapoteco. Kipeperushi cha Kihispania, ambacho mwaka 1970 kingekuwa hatua kubwa, kwao ni karatasi ya wageni. Tena wapo wasio na hati za ukaazi, na kila fomu inayouliza jina huwatia hofu. Utafiti wa afya wa Chuo Kikuu cha California, Merced, uliotolewa 2023 baada ya kuwahoji vibarua zaidi ya 1,200, uliweza kuwafikia kwa sababu ulipitia mashirika ambayo watu hao walikuwa tayari wanayaamini.

Kwa hiyo ukiwauliza wakuu wa vyuo hivi leo, watakutajia CHAMACOS na vituo vya afya kama ushahidi wa dhamira yao ya umma, na hawatakuwa wanadanganya. Ila historia inamdai kila anayeusifu ugani huu amtaje pia aliyeulipia: wagomaji wa Delano, walioshtaki juu ya jembe, na wale vibarua 19 walioshindwa rufaani. Na deni lenyewe halijaisha. Mwaka 2021 shirika la mazingira la serikali kuu lilifuta ruhusa ya mabaki ya klopirifosi kwenye vyakula. Novemba 2023 mahakama ya rufaa, kwa maombi ya vyama vya wakulima, ikaubatilisha uamuzi huo. Katika majimbo mengi ya Marekani yasiyo na katazo lake lenyewe, sumu iliyopimwa Salinas kwa miaka 20 ikarudi kuwa halali kwa baadhi ya mazao.